Meno ya Kijiko

Ulifika juu ya Fuso ya makabichi kutoka Rutshuru,
trekta kadogo, mabega kama ya mbuzi,
ubavuni maandishi ya Kijapani yasiyo na msomaji.
Hangi akakuzunguka, akasema:
huyu alizaliwa kwa matope ya mpunga.
Sisi huku Majengo tunalima jiwe.

Nilikununua kwa bei ya chukudu zangu tatu
na deni ambalo Mwamini hajaambiwa.

Mkono wa kuchimbia hukuwa nao. Tulikuundia.
Pistoni tulizitoa kwa lori la mchanga lililofia Sake,
pampu kwenye usukani wa Benzi, ndogo, yenye kikohozi.
Kijiko tulikikata katika mtungi mkubwa wa gesi,
tukaujaza maji kwanza, usije ukatulipua
kabla hatujakupa jina.

Umeme ulikuja saa tano usiku,
basi tukachomelea saa tano usiku.
Majirani waliona ukuta wao unamulika
wakatoka na watoto mgongoni kuangalia mlima.
Ni sisi, niliwaambia. Mlima hauwaki buluu. Laleni.
Wachache tu ndio walilala.

Siku ya kwanza ulichimba hewa.
Siku ya pili uligusa jiwe, kichwa chako kikapaa,
magurudumu ya mbele yakaning'inia
kama miguu ya mtoto kwenye benchi la kanisa,
nami juu yako nikimwita mama yangu kwa sauti.
Wanafunzi walicheka mpaka wakachelewa darasa.
Tukakufungia mawe puani, ndani ya wavu wa nondo:
kilo mia, mia mbili, mia mbili na zaidi,
hadi ukatulia.
Ili kuling'oa jiwe ilitubidi kulibeba jiwe.

Halafu meno.
La kwanza, la nondo, lilijikunja kama ulimi.
La pili lilikuwa springi ya lori:
tuliipasha hadi rangi ya mawese,
tukaitosa kwenye oili chafu, ikapiga kelele,
ikawa ngumu sana, ikavunjika kama biskuti.
Hangi hakusema neno siku mbili.
Hata chai alikunywa amenipa mgongo.
Siku ya tatu akalitosa lingine,
akalirudisha kwenye makaa, polepole, safari hii bila kiburi,
mpaka likawa na rangi ya shingo ya njiwa.
Hapo, akasema. Hapo hapo. Toa.

Tulianzia kwenye kiwanja cha mama,
pale ambapo mwaka wa elfu mbili na mbili
lava ilipita nyumba hadi mabati
na sisi tukajenga ya mbao juu yake.
Nataka choo, mama alisema. Choo tu.
Msiniletee ukumbusho.

Mita moja, cheche na vumbi.
Mpira wa mafuta ulipasuka, ukaniosha uso.
Mita mbili, sauti ikabadilika.
Nilizima injini nikidhani nimevunja kitu.
Kijiko kilipanda kimebeba kitu kimya,
cheusi, chenye unyevu.
Udongo.
Ulikuwa chini ya vitanda vyetu miaka yote ile.
Mama aliuchota kidogo, akaunusa, akasema:
hapa palikuwa na maharagwe yangu.

Habari haikupiga hodi.
Mama Kanyere alikuja na beseni,
nyuma yake wengine saba, kisha mstari mzima
hadi kwenye duka la makaa:
nipe kidogo nipandie lengalenga,
nipe nijaze tairi, nina vitunguu vimekosa mahali.
Choo hakuna aliyekiuliza.

Mwamini alitoka na daftari la shule la mtoto,
akaketi kwenye kibuyu cha oili:
franka mia tano kwa beseni, wajane bure.
Nikaona ni saa ya kumwambia lile deni.
Hakuinua kalamu.
Najua, akasema. Tangu Fuso ipige honi. Chimba.

Nikawasha. Ukakohoa mara mbili.
Jino la tatu lilikuwa linalegea.